Baraza Iliyokula Kabla Yetu

Siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wangu Otmari, tukiwa bado matangani nyumbani kwake Ruhuwiko, kijana mmoja mwalimu, mume wa mjukuu wa marehemu, alijikunja vizuri mkekani akaanza kusifia kazi za Wajerumani. Alisema ameiona ile nyumba ya zamani kule bomani yenye baraza ya mbao, na kwamba mbao zile zimepigwa na mvua na jua miaka hamsini na bado unaweza kuchezea ngoma juu yake. "Wale hawakuwa na mchezo," alisema. "Wakifanya kazi, wamefanya. Siyo sisi." Wazee wakaguna kukubali, kama watu wanavyokubali jambo lolote matangani ili mazungumzo yasife. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji wa moto. Niliuweka chini nikatoka nje, maana nisingetoka ningemmwagia. Mwanamke mzima, bibi wa watu, nilisimama nyuma ya jiko kwa hasira, na nikajua kwamba Otmari ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho aliyebaki kujua pamoja nami baraza ile ilifanywaje. Basi naandika. Shule niliisoma miaka miwili tu, mpaka siku misheni ilipochomwa vitani, na sikurudi tena. Mwandiko wangu ni wa mtoto. Lakini kusugua ubao najua, na kusema kilichotokea najua pia.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita ya maji, ile tuliyoambiwa kwamba dawa ya maji ingezuia risasi za Wajerumani. Wakubwa wetu walikuwa wamekwisha kunyongwa pale Songea, na askari walikuwa wamepita vijiji vyote wakichoma mashamba na kubeba vilivyokuwa ghalani. Watu wanauliza siku hizi vita ile iliua wangapi kwa risasi. Risasi! Waulize basi njaa. Nyumba yetu iliungua yote, kikabaki kihenge, lile ghala kubwa la fito lililokandikwa udongo ambamo mtama uliwekwa. Humo ndimo tulimolala sisi watatu: mimi niliyekuwa nikikaribia miaka kumi na sita, Otmari wa miaka saba hivi, na Agnesi aliyekuwa bado hajatimiza mitano. Ndani kulikuwa na giza na joto, na kuta zilinukia mtama ambao haukuwepo. Nilimkuta Otmari mara nyingi amelaza shavu ukutani, akichokoa nyufa kwa kijiti, akilamba vumbi lililotoka. Chakula chetu kilikuwa ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, ambacho lazima ukikate vipande vyembamba na kukiloweka katika maji yanayotembea siku tatu, la sivyo kinakuua. Kazi ya Otmari ilikuwa kulinda kikapu cha ndiga mtoni kisije kikachukuliwa na wenzetu wenye njaa kama sisi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kitu cha kuweka juu ya ndiga. Mama alipokuwa anakata roho hakuniambia maneno mengi. Alisema tu, "Wawe wawili mpaka mwisho." Alikuwa na maana ya wadogo zangu.

Nilisikia mtoni kwamba bomani wanataka wanawake wa kusugua baraza ya bwana mmoja, na kwamba kila jioni mfanyakazi anapewa bakuli moja la unga wa mtama. Nilitoka Ruhuwiko alfajiri, na nilipofika langoni nilikuta wanawake wengi wamekaa chini wanangoja. Walichukuliwa wanane. Mimi nilichukuliwa kwa sababu niliposalimia kwa Kiswahili cha misheni, "Shikamoo, fundi," fundi alicheka. Alikuwa seremala kutoka upande wa Ziwa Nyasa, jina lake Yakobo, mtu mwembamba mwenye ndevu chache, amefundishwa na mapadri. "Marahaba. We binti, unasoma?" "Nilisoma." "Basi utaelewa maelekezo. Ingia." Huko nje walibaki wengine, nami nilipita kati yao bila kuwatazama usoni. Kila siku walikuwepo, na kila siku nilijua kwamba nikikosa mara moja, mmoja wao amekaa mahali pangu.

Baraza ile ilizunguka nyumba pande mbili, imeinuliwa juu ya nguzo kwa ajili ya mchwa, mbao za mninga zilizopasuliwa kwa msumeno wa mkono. Wakati wa vita askari walikuwa wamelala juu yake, wamewasha moto juu yake, wamekokota masanduku ya risasi, na mvua mbili zilikuwa zimeipiga bila mtu kuitunza. Ilikuwa imegeuka kijivu kama ngozi ya mtu asiyepaka mafuta, imepasuka nyuzinyuzi zilizochoma miguu, na rangi ya zamani imebaki mabaka. Mwenye nyumba alikuwa Mzungu ambaye sisi tulimwita Bwana Visigino, kwa sababu ulisikia visigino vya viatu vyake kabla hujamwona. Alikuwa anamngoja mkubwa wake kutoka pwani, na hakutaka mkubwa wake akanyage mbao chafu.

Fundi Yakobo alitufundisha kazi kwa hatua, na lazima niseme ukweli ingawa unaniuma: alifundisha vizuri. Kwanza tulipigilia misumari iliyoinuka. Kisha tulimwagia maji ya majivu, makali, tukayaacha yaitafune rangi ya zamani mpaka jua lilipopanda, tukasugua kwa magunzi ya mahindi. Magunzi hayo yalitoka kwa nyumbu waliombeba Bwana Visigino. Nyumbu walikula mahindi, sisi tukapewa magunzi, na si ya kutafuna bali ya kusugulia. Maji ya majivu yalitutoa ngozi za vidole. Baadaye tulisuuza, tukaacha zikauke siku nne, tukakwangua kwa vipande vya chupa, na mwisho tukasugua kwa majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. "Ubao una njia yake kama nywele," fundi alikuwa akisema, akipita nyuma yetu na mikono mgongoni. "Fuata njia yake. Ukiukwaruza kwa kuukata njia, utapaka mafuta mara kumi na lile kovu litaonekana." Nilifuata njia yake. Siwezi kueleza kwa nini nilifanya vizuri kazi ya watu waliotuua kwa njaa, ila kwamba nilipoona mninga unatoka chini ya kijivu, mwekundu, safi, mikono yangu ilifurahi bila ruhusa yangu. Hata leo naichukia mikono hii kwa furaha ile.

Jirani yangu katika kusugua alikuwa mwanamke wa Kiyao aliyeletwa mateka kutoka Nakapanya, Bi Asumini. Hakuwa na mtoto aliyebaki, na mdomo wake haukuwa na breki. Akitoka Bwana Visigino kunywa kahawa pale barazani, Bi Asumini alimtolea salamu kwa heshima zote, kisha akageuka kwetu. "Mtazameni anavyotembea. Wallahi, huyu kazaliwa amevaa viatu. Mama yake alipata tabu." Tuliinamisha vichwa tukicheka kwa pua. Siku moja alinifuata mpaka Ruhuwiko kuomba ndiga, akamwona Agnesi ameketi mlangoni pa kihenge. Alichuchumaa, akambonyeza mguu kwa kidole, na shimo la kidole likabaki. Akamshika nywele, zilizokuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini. Mzaha wote ulimtoka. "Mwanangu," aliniambia, "huyu si wa ndiga tena. Mwili huu unataka mafuta. Karanga, ufuta, chochote chenye mafuta. Mtama peke yake hautamrudisha." Nilimuuliza mafuta yako wapi nchi hii. Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Wiki ijayo utayashika mikononi."

Alikuwa anasema kweli. Mafuta ya kupaka mbao yaliyozoea kuja kutoka Ulaya hayakufika, wapagazi wa kuyabeba kutoka pwani walikuwa hawapo. Kwa hiyo Bwana Visigino aliamuru litumike lililopo, na lililopo lilikuwa ufuta. Ufuta wetu. Ule askari walioubeba kutoka ghala zetu mwaka uliopita, magunia kwa magunia, ulikuwa umekaa katika stoo ya boma. Waliukamua. Fundi Yakobo aliyachemsha yale mafuta katika sufuria kubwa uani mpaka alipochovya unyoya wa kuku ukajikunja, ndipo akasema yameiva, sasa yatakauka juu ya ubao. Nataka yule mwalimu anisikie hapa. Tulisimama wanawake wanane, mbavu zetu zinahesabika, tukizunguka sufuria ya mafuta ya ufuta yanayonukia mtaa mzima, na mate yalitujaa vinywani hata hatukuweza kuongea. Halafu tukapewa kila mmoja kikombe na kitambaa cha kaniki, tukaambiwa tuzinyweshe mbao. Bi Asumini aliitazama ile sufuria, akatazama sakafu. "Ubao huu una bahati," alisema. "Mimi mume wangu hajanipaka mafuta hivi hata siku ya harusi." Hakuna aliyecheka.

Ubao mkavu unakunywa. Unaweka kitambaa, na kabla hujafika mwisho wake, mwanzo umekwisha kunyonya. Wenzangu walilamba vidole fundi alipogeuka, na nadhani alijua, akageuka makusudi. Lakini kulamba vidole kulinifaa mimi, hakukumfaa Agnesi. Nilifanya hivi: nilikilowesha kitambaa mpaka kikajaa, nikakipitisha juu ya ubao kwa wepesi bila kukandamiza, ubao ukang'aa kwa juu kana kwamba umeshiba. Jioni nilikikunja nikakibana kwapani chini ya nguo. Pale langoni askari alitupekua mikono na vibuyu. Kwapa la msichana mchafu hakulitaka. Nikifika kwenye kihenge, Otmari alishika bakuli la uji na mimi nikakamua kitambaa juu yake, nikakizungusha mpaka viganja vikauma, tone, tone, tone. Agnesi alikunywa. Siku ya nne alimaliza uji wote. Siku ya sita Otmari alijifanya Bwana Visigino, akapita mbele yetu amenyoosha shingo, akigonga visigino vyake visivyo na viatu, na Agnesi akacheka. Sauti ya kicheko kile ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. Sikuwa nimeisikia tangu mama afe.

Asubuhi iliyofuata fundi Yakobo alikuja na kibuyu cha maji. Alisema ubao ulioshiba mafuta hauli maji. Tone likidondoka juu yake litasimama kama shanga. Ubao wenye njaa utalimeza. Alianzia upande wa pili wa baraza, akidondosha tone hapa, tone pale, na matone yote yalisimama. Nilimwona akija na nikajua. "Maji tena, fundi?" Bi Asumini alipaza sauti. "Maji yametuponza mara moja nchi nzima, na wewe unatupimia kwa hayo hayo? Tuachie wenye akili wapumzike!" Alikuwa anataka kumzuia kwa maneno, ninajua. Fundi alimpita. Alidondosha tone katika mbao zangu. Likazama. Akadondosha jingine, likazama pia, likaacha doa jeusi. Alinyanyua macho akaniambia nimfuate uani.

"Unajua wezi wanapigwa viboko vingapi hapa?"

"Ishirini na tano."

"Wanaume. Umewahi kuona mwanamke wa mwili kama wako akipigwa hivyo akaamka?"

Sikuwa na la kuficha. Nilimweleza juu ya Agnesi, miguu yake, nywele zake, na kwamba jana alicheka. Nilizungumza nikimtazama usoni, si kwa kulia. Fundi alifumba macho. "Ungeniambia mimi," alisema.

"Nimekwambia sasa."

"Sasa Bwana anaanza kukagua kesho." Akageuka akaingia stoo.

Siku iliyofuata mafuta yalikuwa mekundu. Fundi alikuwa ametia ngeu, ule udongo mwekundu wa maseremala, ambao ulipaswa kusubiri mkono wa mwisho wa kupaka, na juu yake alikuwa amemwaga mafuta ya taa. Harufu ilikupiga kutoka mbali. Alipita kutugawia, na alipofika kwangu akanong'ona, akiwa na uso wa mtu aliyekufanyia hisani, "Sasa hata shetani hawezi kukujaribu. Nimeuokoa mgongo wako, mwanangu." Nilimwambia, "Mgongo wangu nani amekuomba?" Nilisema kwa sauti, na wanawake waliacha kusugua. Akasema, "Nyamaza, usituue sote." Nilishika kitambaa nikapaka, safari hii nikikandamiza kwa nguvu zangu zote, ubao ukanywa mpaka ukashiba.

Watu wengine waliowahi kusikia kisa hiki kwangu, nao ni wachache, wanasema fundi alikuwa mtu mwema katika mahali pabaya. Labda. Nimeufikiria wema wake miaka mingi kuliko nilivyofikiria ubaya wa Bwana Visigino. Visigino sikumdai chochote. Mtu anayelisha sakafu ufuta wakati wa njaa, unamdai nini? Lakini Yakobo alikuwa amekula ndiga kama sisi. Alijua mtoto akivimba miguu anataka nini. Alipima mgongo wangu na uhai wa mdogo wangu, akachagua bila kuniuliza, nami ndiye niliyekuwa na haki ya kuchagua. Ningevichukua vile viboko. Sisemi hivyo kwa ushujaa. Nasema kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuhesabu, kabla ya kuiba tone la kwanza.

Agnesi aliishi siku nane baada ya mafuta kugeuka mekundu. Siku za mwisho hakutaka uji, alitaka maji tu, na sauti ilimkauka. Nilimkuta usiku wa manane ameshika kidole cha Otmari. Nilichimba karibu na mto kwa jembe lisilo na mpini, Otmari akiondoa udongo kwa mikono, na hatukuimba kwa sababu nilisahau nyimbo zote. Tulipomaliza jua lilikuwa linachomoza. Nikamwambia Otmari arudi kwenye kikapu cha ndiga, nami nikaenda bomani. Ndiyo, nilikwenda. Otmari alikuwa bado anakula. Bi Asumini aliona udongo mbichi magotini mwangu, akasema polepole, "Innalillahi," na siku nzima hakufanya mzaha hata mmoja. Siku ile tulipaka mkono wa mwisho, na baraza ilitoka nyekundu, inang'aa, nzuri. Bwana Visigino alitembea juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasimama upande wangu, akagongesha kisigino mara mbili, akasema kwa Kiswahili chake, "Nzuri."

Mgeni wake hakuja. Ilisemekana alipita njia nyingine.

Jioni ya kufunga kazi tulipewa bakuli la mwisho la unga. Nilipokuwa natoka, fundi Yakobo aliniita nyuma ya stoo. Alitazama huku na huku, akatoa chini ya maranda ya mbao chupa iliyofungwa kwa gunzi, akaniwekea mikononi. Ilikuwa imejaa mafuta ya ufuta, meupe, bila ngeu, bila mafuta ya taa. "Nilikuwekea," alisema, na macho yake yalikuwa na furaha kabisa. "Nilitenga siku ile ile, kabla sijachanganya ngeu. Nikasema kazi ikiisha, ukaguzi ukipita, nitampa kwa usalama. Mpelekee mdogo wako. Anaendeleaje?"

Siku ile ile. Chupa ilikuwa imelala chini ya maranda siku zote nane, na siku zile za mwisho, na asubuhi ya kuchimba, hatua ishirini kutoka mahali nilipokuwa napiga magoti. Mdomo ulifunguka ili nimwambie. Badala yake nikasikia sauti yangu, ile niliyofundishwa misheni, ikisema, "Asante, fundi." Nikabana chupa kwapani nikatembea kwenda Ruhuwiko. Nilikuwa na nia ya kuimwaga mtoni. Nilipofika, Otmari alikuwa ameketi peke yake mlangoni pa kihenge, na kikapu cha ndiga kiko miguuni pake, zimeiva siku zake tatu. Akainua uso akanusa. Nikawasha moto. Nilimimina mafuta katika kigae, nikakaanga ndiga mpaka zikawa na rangi ya dhahabu pembeni, na Otmari akala kwa mikono miwili, hakuuliza yametoka wapi. Kisha akachukua kipande kimoja akanisogezea mdomoni, nikala. Kilikuwa kitamu. Nikachukua kingine, na kingine, nikala mpaka nikashiba, kwa mara ya kwanza mwaka ule.